Kipindi cha Dini katika Shule ya Msingi ya Kanisa

Elimu ya dini katika shule ya msingi inayomilikiwa na kanisa ina sura tatu ambazo kwa kawaida huchanganywa, na sehemu kubwa ya manung'uniko ya wazazi, uchovu wa walimu na usingizi wa wanafunzi katika kipindi hicho hutokana na mchanganyiko huo. Sura ya kwanza ni ibada, yaani tendo la kumwabudu Mungu kwa sala, nyimbo na mahubiri, ambalo shuleni hufanyika mstarini asubuhi, katika kanisa la shule au katika misa ya kufungua muhula. Ya pili ni katekesi, yaani mafundisho yanayomwandaa mtoto wa dhehebu fulani kupokea sakramenti au kuithibitisha imani aliyobatiziwa, kama yalivyo mafundisho ya komunyo ya kwanza kwa Wakatoliki na ya kipaimara kwa Walutheri na Waanglikana. Ya tatu ni somo lenyewe, lenye ratiba, andalio, daftari na mtihani kama masomo mengine, ambalo lengo lake ni mtoto aijue Biblia, aelewe Wakristo wanaamini nini na kwa sababu gani, na aweze kuyapima mema na mabaya kwa kutumia maarifa hayo.

Ibada humtaka mtoto ashiriki, katekesi humtaka akiri, na somo humtaka aelewe. Mwalimu anayeingia darasa la nne akaanza kwa mapambio ya robo saa, akafuatisha maombezi, kisha akamalizia kwa kukaririsha mstari mmoja wa Biblia hadi kengele ilie, ameendesha ibada fupi, na pengine ibada nzuri, lakini hakuna alichofundisha, na mtoto atakayeulizwa nyumbani jioni amejifunza nini atajibu kwamba waliimba. Vivyo hivyo, padre au mchungaji anayekitumia kipindi cha darasa zima kuwaandaa watoto wa dhehebu lake tu kwa kipaimara huwafanya wenzao kuwa wageni katika darasa lao wenyewe. Ushauri wa msingi wa makala haya ni kwamba kila sura ipewe mahali pake, saa yake na mtu wake, kisha sura ya tatu, ambayo ndiyo hupuuzwa zaidi, ifundishwe kwa ukamilifu.

Mchanganyiko huo una historia yake. Shule za kwanza za Kikristo katika Afrika Mashariki zilizaliwa ndani ya vituo vya misheni, kama kile cha Rabai karibu na Mombasa kilichoanzishwa na Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann mwaka 1846, na kile cha Bagamoyo kilichoanzishwa na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868. Katika mazingira hayo kujifunza kusoma, kujifunza katekisimu na kujiandaa kwa ubatizo ilikuwa safari moja, na mara nyingi katekista na mwalimu walikuwa mtu yuleyule. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, shule nyingi zilikuwa bado mikononi mwa misheni. Baada ya Azimio la Arusha na andiko la Mwalimu Julius Nyerere kuhusu Elimu ya Kujitegemea, yote mawili ya mwaka 1967, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule hizo chini ya serikali, huku dini ikiachiwa kipindi chake katika ratiba, kikiendeshwa na watumishi wa kila dini kwa watoto wao. Milango ilipofunguliwa tena kwa upana kwa shule binafsi katika miaka ya 1990, makanisa yalirudi kujenga shule za msingi, nyingi kati ya hizo zikifundisha kwa Kiingereza, lakini watoto walioingia humo hawakuwa tena watoto wa waumini peke yao.

Mzazi wa leo huichagua shule ya kanisa kwa sababu ya nidhamu, matokeo ya darasa la saba, lugha ya Kiingereza, na mara nyingine kwa sababu tu basi la shule hupita karibu na nyumbani. Matokeo yake ni darasa ambamo Mlutheri, Mkatoliki, Mpentekoste, Msabato na Mwislamu hukaa jirani, na mwalimu asiyelitambua hilo hufundisha darasa la kufikirika lililokuwepo Rabai au Bagamoyo zama za misheni.

Kwa mtoto wa miaka tisa au kumi, somo la dini huanzia kwenye simulizi iliyosimuliwa yote. Udhaifu unaoonekana mara nyingi ni simulizi kupewa dakika tatu na funzo kupewa dakika thelathini, mpaka watoto wakajua kwamba kila hadithi ya Biblia, iwe ya Daudi, ya Ruthu au ya Yona, itaishia kwenye agizo la kuwatii wazazi na kutosema uongo. Mtoto mwerevu akishaugundua mwisho huo, haoni sababu ya kusikiliza mwanzo.

Habari ya Zakayo, iliyo katika aya kumi za kwanza za sura ya 19 ya Injili ya Luka, inafaa kuonyesha jinsi dakika 40 za kipindi zinavyoweza kutumika. Kabla ya kuingia darasani mwalimu anapaswa kujua mambo manne ambayo mwandishi wa Injili hakuyaeleza kwa kuwa wasomaji wake waliyajua. Kwanza, Yeriko ulikuwa mji wa njia kuu, ambao bidhaa zilipita zikielekea Yerusalemu, na penye bidhaa zinazopita pana ushuru. Pili, chini ya utawala wa Kirumi kazi ya kutoza ushuru iliweza kutolewa kwa zabuni, ambapo mtu aliahidi kuipa serikali kiasi fulani, na alichokusanya zaidi ya hapo kikabaki mfukoni mwake. Kwa hiyo utajiri wa mkuu wa watoza ushuru ulimwambia kila jirani namna ulivyopatikana. Tatu, mkuyu ni mti ambao watoto wengi wa Tanzania na Kenya wanaujua, kwa kuwa huota kando ya mito na mabonde, matunda yake hujazana kwenye shina na kwenye matawi makubwa, na matawi ya chini hutanda karibu na ardhi kiasi kwamba hata mtu mfupi huweza kuupanda. Nne, mtu mzima mwenye cheo na kanzu ndefu kupanda mti mbele ya umati ilikuwa aibu, na hilo watoto hulielewa bila kuelezwa, maana huanza kucheka mara wanapomfikiria mwalimu wa taaluma akining'inia juu ya mwembe wa shule.

Shule ambayo ina mkuyu jirani ina zana ya kufundishia isiyouzwa dukani, na kipindi kinaweza kufanyika chini yake. Shule isiyo nao inatosheka na ubao. Mwalimu husimulia taratibu, huku akiwauliza watoto ushuru wa sokoni hukusanywa na nani, risiti hutolewa au haitolewi, na mama lishe anayelipa mara mbili kwa siku moja hujisikiaje. Kisha huwaacha wanung'unike kama umati wa Yeriko ulivyonung'unika Yesu alipotaka kushinda katika nyumba ya mtu kama huyo. Manung'uniko hayo yasizimwe haraka. Mtoto ambaye hajawahi kuwaona watu wa Yeriko kuwa na haki ya kukasirika hawezi kuona kilicho cha ajabu katika ziara ile.

Kisha huja hesabu. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 6, mtu aliyedhulumu na kukiri alitakiwa kurudisha alichochukua na kuongeza sehemu ya tano, na katika sura ya 22 ya Kutoka aliyeiba kondoo akamchinja au akamuuza alirudisha wanne. Mwalimu huandika ubaoni kwamba mfanyabiashara alidhulumiwa shilingi 500, na watoto hukokotoa kwamba kwa kipimo cha Walawi angerudishiwa 600, lakini kwa ahadi ya Zakayo ya kurudisha mara nne angepata 2,000, tena baada ya nusu ya mali yote kwenda kwa maskini. Swali linalofuata, kwamba mtu huyo angebaki na nini, halina jibu katika Injili, nalo ndilo linalowafanya watoto wabishane mpaka nje ya darasa. Funzo likitolewa sasa litakuwa na mahali pa kukaa, na mara nyingi halihitaji kutolewa na mwalimu.

Watoto wa Kenya wana sababu ya ziada ya kulijua jina hilo, kwa kuwa lilitoka katika Injili likaingia barabarani pale wananchi waliokerwa na kodi walipomwita Rais William Ruto Zakayo, na katika maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Muswada wa Fedha likaimbwa na vijana wakimtaka ashuke. Mwalimu hana haja ya kulikwepa jambo ambalo kila mtoto amelisikia redioni, wala hana ruhusa ya kulifanya darasa kuwa jukwaa la siasa. Inatosha kuwauliza watoto Zakayo wa Injili alifanya nini baada ya kushuka, na kama waandamanaji waliikumbuka sehemu hiyo ya habari.

Mazingira ya Palestina na ya hapa hayalingani kila mahali, na penye tofauti mwalimu aseme. Katika mfano wa mpanzi, mtoto wa mkulima wa mahindi, ambaye nyumbani kwao kila mbegu hufukiwa katika shimo lake, hushangaa kwa haki kumwona mkulima mzoefu akimwaga mbegu njiani na kwenye mawe. Maelezo mafupi kwamba ngano na shayiri zilirushwa kwa mkono juu ya shamba zima huondoa mshangao huo, na pengine humfanya mtoto aheshimu kitabu ambacho alikuwa ameanza kukidharau kimyakimya.

Darasa linalosimuliwa hivyo huzaa maswali, na hapo ndipo walimu wengi huogopa. Mtoto atauliza nani alimuumba Mungu. Atauliza kwa nini somo la sayansi linazungumzia wanyama waliotoweka zamani sana na kitabu cha Mwanzo kina siku sita. Atauliza, na swali hili huja kila mwaka kwa sura moja au nyingine, kama babu yake aliyefariki bila kubatizwa yuko motoni. Mwalimu atajisaidia sana akizoea kutenganisha aina tatu za majibu na kuzitaja waziwazi anapojibu: lile ambalo Biblia inalisema, lile ambalo kanisa lenye shule linalifundisha, na lile ambalo Wakristo wenyewe wanatofautiana juu yake. Suala la siku sita, kwa mfano, limo katika kundi la tatu, kwa kuwa wako Wakristo wanaozihesabu kuwa siku za saa 24 na wako, Wakatoliki wengi miongoni mwao, wanaoona kwamba sura hiyo inaeleza nani aliumba na kwa kusudi gani bila kutoa ratiba ya kisayansi. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuambiwa hivyo bila madhara yoyote. Madhara hutokea anapoambiwa na mwalimu wa dini kwamba mwalimu wa sayansi ni mwongo, au kinyume chake, kwani atalazimika kumchagua mmoja.

Swali la babu ni la namna nyingine, maana anayeliuliza hatafuti maarifa. Mwalimu anayejibu mbele ya darasa kwamba asiyebatizwa haingii mbinguni humrudisha mtoto nyumbani na jeraha ambalo mama yake hatajua lilikotoka. Jibu la busara ni kwamba hukumu ya mtu yeyote iko mikononi mwa Mungu ambaye Wakristo humsadiki kuwa mwenye haki na mwenye huruma, kisha mwalimu amtafute mtoto huyo wakati wa mapumziko, au amfikishe kwa mlezi wa kiroho wa shule, amsikilize anavyomkumbuka babu yake. Kukiri kutojua ni jibu halali katika kipindi cha dini kuliko katika kipindi chochote kingine.

Tofauti za madhehebu zinahitaji uangalifu wa kiufundi ambao haufundishwi vya kutosha. Mfano ulio wazi zaidi ni Amri Kumi. Maandiko ni yaleyale, katika Kutoka sura ya 20 na Kumbukumbu la Torati sura ya 5, lakini hesabu hutofautiana: Wakatoliki na Walutheri huunganisha katazo la sanamu na amri ya kwanza na kugawa katazo la kutamani kuwa amri mbili za mwisho, ilhali Waanglikana, Wasabato na makanisa mengi ya Kipentekoste hulihesabu katazo la sanamu kuwa amri ya pili. Kwa hiyo amri inayokataza kuua ni ya tano kwa kundi la kwanza na ya sita kwa kundi la pili, na swali la mtihani linalomtaka mtoto ataje amri ya sita lina majibu mawili sahihi, moja likihusu uzinzi na jingine uuaji. Mtoto aliyefundishwa vizuri na bibi yake hapaswi kukosa alama kwa sababu hiyo. Swali litaje amri kwa maudhui yake, basi. Hali ni hiyohiyo kwa idadi ya vitabu vya Biblia, ambavyo ni 73 kwa Wakatoliki na 66 kwa Waprotestanti, na kwa Sala ya Bwana, ambayo Waprotestanti huimalizia kwa maneno ya utukufu ambayo Wakatoliki hawayaunganishi moja kwa moja na sala hiyo. Msabato naye asipangiwe jaribio wala mazoezi ya kwaya siku ya Jumamosi kisha akaandikwa mtoro.

Kuhusu watoto wa Kiislamu na wengine wasio Wakristo, sheria imekwisha kuweka mpaka. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inaifanya dini kuwa jambo la hiari ya mtu, na ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza mtu kulazimishwa kutenda lililo kinyume na imani yake. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inalitambua kanisa lililoidhamini shule na kulipa nafasi ya malezi ya kiroho, lakini kwa sharti la kulinda imani za wengine. Maneno hayo huwa na maana yanaposhuka hadi kwenye fomu ya kujiunga na shule. Fomu nzuri humweleza mzazi, kabla hajalipa ada, kwamba shule ina ibada za Kikristo, kwamba somo la dini hufundishwa kwa wote au kwa wanaochagua, mtoto asiye Mkristo atakuwa wapi wakati wa ibada na chini ya uangalizi wa nani, na chakula kitakuwaje katika mwezi wa Ramadhani kwa wanaofunga. Mzazi akitia saini akiwa ameelewa, ugomvi wa baadaye hupungua sana. Kumweka mtoto nje ya darasa akichezea kokoto dakika 40 kila wiki si kuheshimu imani yake, bali ni kumtelekeza. Maktaba, hata ikiwa ni kabati moja la vitabu na mwalimu mmoja, ni bora zaidi.

Endapo mzazi ameridhia mtoto wake akae katika somo, mwalimu anapata mwanafunzi mwenye hazina. Mtoto aliyepita madrasa anamjua Yusuf kutoka sura ya 12 ya Kurani na Maryam kutoka sura ya 19, na atakapousikia mkasa wa Yusufu na ndugu zake ataanza kusema kwamba kwao husimuliwa kwa namna nyingine kidogo. Mwalimu aliyezoea kusema kwamba hivi ndivyo Biblia inavyosimulia hana sababu ya kubishana naye. Humwacha aeleze, humshukuru na kuendelea. Watoto wa Kikristo waliosikia hivyo hujifunza pia jinsi ya kukaa na jirani, jambo ambalo pwani yote ya Afrika Mashariki imelitegemea kwa muda mrefu.

Upimaji ni mahali ambapo tofauti ya imani na maarifa hujionyesha waziwazi. Swali linalomuuliza mtoto kama anampenda Yesu, au linalomtaka ataje faida tatu za kusali, halipimi chochote isipokuwa uwezo wa kukisia mwalimu anapenda kusikia nini, na mtoto mnafiki atapata alama zote. Swali linalomtaka aeleze kwa nini watu wa Yeriko walinung'unika, au alinganishe alichoahidi Zakayo na kilichotakiwa na Walawi, linaweza kusahihishwa kwa haki hata kama aliyelijibu ni Mwislamu na aliyelisahihisha ni mwinjilisti. Uchaji wa mtoto usipewe alama, na usiandikwe katika ripoti ya muhula kwa herufi A hadi E. Utundu wake mstarini una mahali pake, kwenye safu ya tabia, nao hauhusiani na anachokijua kuhusu Luka.

Yapo matumizi ya dini ambayo shule ya Kikristo inapaswa kuyapiga marufuku bila mjadala. Kukariri Zaburi kusiwe adhabu, maana mtoto aliyeandikishwa Zaburi ya 119, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, kwa kosa la kuchelewa atakuwa na sababu ya kuichukia maisha yake yote. Asitubishwe mbele ya wenzake. Sadaka ya mstarini isiorodheshwe kwa majina, kwani orodha hiyo huonyesha mfuko wa mzazi tu. Pale ambapo wasichana kadhaa wanaanguka kwa mpigo na kupiga kelele, hali ambayo shule nyingi za Tanzania zinaijua kama kuanguka mapepo, hatua ya kwanza ni kuwatenganisha na umati, kuwaita wahudumu wa afya na wazazi, na kuuliza kwa utulivu kama kuna mtihani, njaa, hofu au unyanyasaji uliotangulia. Maombi hayazuiwi, lakini yasifanyike kwa vurugu, kwa kuwagusa watoto miili yao, wala kwa kumtaja mtu yeyote kuwa mchawi. Mazungumzo ya ushauri wa kiroho kati ya mtumishi na mtoto mmoja yafanyike mahali panapoonekana na wengine, mlango ukiwa wazi, na jambo lolote linaloashiria ukatili lifikishwe kwenye vyombo vinavyohusika kama Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inavyotaka, hata kama anayetuhumiwa amevaa kola ya uchungaji.

Hayo yote yanamhitaji mwalimu, na kusema kweli mwalimu wa dini mara nyingi hupatikana kwa kubakia: aliye na vipindi vichache ndiye hupewa. Katekista anaijua Biblia lakini hajafundishwa kuandika andalio la somo wala kulimudu darasa la watoto 45, na mwalimu mwenye cheti anayajua hayo lakini huenda hajaifungua Biblia tangu kipaimara chake. Njia nafuu ni kuwaoanisha, wakae pamoja mwanzoni mwa muhula kuandaa azimio la kazi, mmoja akileta maudhui na mwingine mbinu, kisha washiriki kusahihisha daftari. Vifaa havihitaji fedha nyingi. Biblia moja kwa watoto wawili inatosha kuanzia darasa la tatu, na kwa watoto wadogo tafsiri ya Habari Njema husomeka kwa urahisi zaidi kuliko ile ya Union ya mwaka 1952, ambayo Kiswahili chake kizuri cha kale huwashinda hata baadhi ya wazazi. Katika shule za Kiingereza, darasa la kwanza na la pili wasimuliwe kwa Kiswahili. Mtoto anayehangaika na maana ya maneno hana nafasi ya kumhurumia mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi katika njia ya Yeriko.

Mwisho wa wiki, hasa alasiri ya Ijumaa, ndipo ratiba nyingi hukitupa kipindi hiki, na kwa darasa la saba humezwa na Hisabati kuanzia muhula wa kwanza. Shule inayojitangaza kwa wazazi kuwa ya Kikristo na kukifuta kipindi hicho kila mitihani inapokaribia inawauzia wazazi hao kitu ambacho haikitoi. Mwalimu mkuu anayetaka kuijua hali halisi ya shule yake achukue daftari tano za dini za darasa la sita bila kutoa taarifa, ahesabu ni kazi ngapi zimeandikwa na kusahihishwa tangu shule ifunguliwe, atazame kama yapo maswali yanayomtaka mtoto afikiri au mistari iliyonakiliwa tu, kisha amwite mwalimu wa taaluma wakae na ratiba ya muhula ujao kabla haijabandikwa ukutani.